Omagor Hapimi Jiko Baridi

Fundi wa sakafu Omagor wa Malaba hakuwahi kutaja bei ya kutengeneza jiko lisilo na moto. Mwaka 1964, bwana afya alipotishia kufunga hoteli ya Mama Benedetta kwa uvundo wa sakafu, mafundi wengine walikuja asubuhi, wakapima vigae vilivyokwisha kupigwa deki na kutaja bei. Omagor alikuja saa ya chakula cha mchana. Alitazama maji ya kuoshea vyombo yanakozama sakafuni, kisha akachokoa kwa msumari nafasi kati ya vigae viwili. Saruji ilitoka laini, ikinuka mafuta.

“Hii yote inatoka, mama,” alisema, akataja bei mara mbili ya wenzake.

“Mzee, unanitengenezea sakafu ama kanisa?”

“Kanisani hawakaangi samaki.”

Wapishi walicheka, Benedetta akakubali. Omagor alichokoa nusu ya jiko huku nusu nyingine ikipika, akasugua mafuta kwa magadi, akajaza saruji mpya na kuifunika kwa magunia mabichi mpaka ikashika. Kisha akageukia nusu ya pili.

Bwana afya aliporudi, alimwaga ndoo nzima. Maji yalikimbilia mfereji bila kuzama popote. Akainama, akanusa.

“Endeleeni kupika.”

Benedetta alipiga vigelegele. Wapishi walimbeba Omagor juujuu hadi barabarani, naye akipiga kelele wamshushe.