"Mungu, Njoo Hapa, Kaa": Kanisa la Kwenye Vikapu vya Dobi

Jumapili, saa mbili asubuhi. Mashine za kufulia zimenyamaza, lakini joto la jana bado limeganda ukutani, na harufu ya sabuni na wanga imejaa duka zima la dobi. Mama Pasi anasukuma meza yake ya kazi hadi mbele, anaitandika shuka jeupe, anaweka Biblia juu yake. Madhabahu imekamilika.

Kisha anapindua vikapu vya nguo kifudifudi na kuvipanga mistari. Hivyo ndivyo viti. Kiti cha kweli kipo kimoja tu, cha plastiki, ambacho siku za kazi hukaliwa na wateja wanaosubiri nguo zao. Anakiweka karibu na meza na kukiacha wazi. Kijana mmoja aliyewahi anataka kukikalia, anafukuzwa kama kuku.

"Hicho kina mwenyewe," anasema Mama Pasi. "Kikapu kinakutosha. Au umenenepa tangu wiki iliyopita?"

Nyuma yake, kwenye bomba la kuning'inizia nguo, kuna majoho ya zambarau, marinda yake yamenyooka kama yamechorwa kwa rula. Ni ya kwaya ya kanisa la wazazi wake, lililo mtaa wa pili kutoka hapa. Tangu alipokuwa msichana ameyapiga pasi bure, kila mwezi, kola kuanzia nchani kuja katikati ili isifanye mawimbi. Na kanisa hilohilo, mwaka mzima sasa, limemkatalia chumba cha kusalia.

Ndiyo, umesoma vizuri. Pasi yake inafaa. Yeye hafai.

Mama Pasi, kama anavyoitwa na mtaa mzima, ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa katika nchi hii. Wazazi wake walikuja wakiwa vijana, wakafanya kazi za ujenzi, za jikoni na za kufuta sakafu za hospitali, na pamoja na wenzao wakanunua ghala bovu wakaligeuza kanisa. Baba yake, mwashi, ndiye aliyeupandisha ukuta wa mbele kwa mikono yake. Humo wakaimba Kiswahili chao, wakalia Kiswahili chao, wakazeeka.

Tatizo ni kwamba walizaa. Watoto wakasoma shule za hapa, kwa lugha ya hapa. Kiswahili wakakiokota nyumbani, na nyumbani mtoto huokota anachotupiwa.

"Kiswahili changu ni cha mama kwa mtoto," anasema Mama Pasi. "Njoo hapa. Kaa. Kula. Nani kavunja? Lala. Sikuwahi kuambiwa 'naomba uketi.' Jamani, nani anamwambia mtoto 'naomba uketi'?"

Sasa yaliyotokea yalitokea hivi. Kanisa lile lina siku moja kwa mwaka inayoitwa Jumapili ya Watoto, ambapo waliozaliwa huku huruhusiwa kusimama mbele. Wanasema watoto. Wengi wao wameshaoa na kuolewa.

"Mtoto gani mimi?" anauliza dereva wa basi anayekaa kikapu cha mstari wa kwanza. "Nina kisukari. Mwanangu anaota ndevu. Lakini ikifika Jumapili ya Watoto napewa soda na biskuti, naambiwa nisimwage."

Mwaka jana, siku hiyo, ilikuwa zamu ya mdogo wake Mama Pasi kuomba. Huyu ni fundi wa lifti, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache hata kwa lugha anayoijua. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo. Akashika maikrofoni, akafumba macho, na kwa sauti iliyotetemeka akasema: "Mungu, njoo hapa. Kaa. Usiondoke mpaka nimalize."

Kanisa likaangua kicheko. Si kicheko cha upendo, msidanganywe. Wapo waliojifuta machozi kwa leso. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Anamwita Mungu au anamwita mbuzi?" Katibu wa baraza la wazee akainuka, akaenda kwenye swichi, akazima maikrofoni. Fundi lifti akaendelea kuchezesha midomo kidogo bila sauti, kisha akafumbua macho, akaona, akashuka.

"Hakufika hata kwenye amina," anasema dada yake. "Mtu anaongea na Mungu wake, wewe unamkatia umeme."

Katibu, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, haoni kosa. Akiwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, anasema hawana ugomvi na mtu. "Hawa ni watoto wetu, tunawapenda. Lakini madhabahu si mahali pa kujifunzia. Mungu ana heshima yake. Haambiwi kaa. Anaombwa."

Wakati anayasema hayo, kijana mmoja aliyezaliwa huku anapita nyuma yake amebeba spika begani. Mwingine anaelekeza magari. Wawili wanapiga deki vyoo. Katibu hageuki. Mikono ya watoto inakubalika siku zote. Ndimi zao ndizo zinazongoja zikue.

Na ndimi hizo, hebu tuziseme. Nani huenda na wazee hawa hospitali? Nani hukaa katikati ya mzee na daktari, mzee na mwenye nyumba, mzee na ofisi ya uhamiaji, akitafsiri? Watoto. Tangu hawajafikia kimo cha kaunta.

Mama Pasi alikuwa na miaka tisa alipoenda na mama yake hospitali kutafsiri. Baba alikuwa kazini, na hata angekuwepo asingeelewa. Daktari akamwangalia mtoto, akasema alilolisema, akasubiri limfikie mama.

"Neno saratani sikulijua kwa Kiswahili," anasema, na mikono yake inayonyoosha shuka la meza, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, inatulia. "Nilitafuta kichwani, hakuna. Nikamwambia, 'Mama, kuna mdudu anakula ndani.' Mama akaniambia, 'Sawa. Njoo hapa. Kaa.' Akanipakata. Jioni nikamwambia baba vilevile. Mdudu anakula ndani. Baba akaelewa."

Mama hakumaliza mwaka.

"Kiswahili changu kilitosha kumwambia mama yangu kwamba anakufa," anasema. "Leo naambiwa hakitoshi kumwambia Yesu asante."

Kanisa lake lilianza alasiri ya Jumapili ileile ya kicheko. Duka si lake, ila ufunguo alikuwa nao, kwa kuwa ndiye anayefungua asubuhi. Akamwambia mdogo wake amalizie ombi lake humu, kwenye vikapu. Walikuwa ndugu wawili, dereva wa basi, na muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua sare yake akajikuta anaimba. Leo vikapu havitoshi; wengine husimama wameegemea mashine. Nyimbo ni za Kiswahili, mahubiri ni ya lugha ya hapa, na maombi ni ya namna yoyote inayomtoka mtu. Mama Pasi hajasomea uchungaji na hadai. "Mimi nafungua mlango," anasema.

Mlango huo sasa unafungwa. Mwenye duka, ambaye muda wote huu alijifanya haoni, ameamua kufanya biashara hadi Jumapili kuanzia mwezi ujao. Pale kanisani, chini ya chumba cha ibada kuu, kuna ukumbi mzima uliojaa viti, na hautumiki ila siku za mikutano. Mama Pasi aliuomba. Baraza likajibu kwa sharti: kila atakayesali humo kwanza apite mbele ya wazee asikilizwe Kiswahili chake.

"Mtihani wa kusali!" anasema muuguzi. "Ukifeli unaenda wapi, motoni au darasa la jioni?"

Mama Pasi akakataa sharti. Kesi ikarudi barazani, wazee wakagawanyika nusu kwa nusu, na kura moja ikabaki haijasema kitu. Ni ya mwashi mstaafu. Baba yake.

Mzee huyo hajawahi kukanyaga ibada ya binti yake. Kila wiki huleta suti yake nyeusi, Jumamosi huipokea imenyooka, husema "haya," huondoka. "Suti yake naijua kuliko ninavyomjua yeye," anasema Mama Pasi. Ila jana hakuja kuichukua.

Saa tatu na nusu duka limefurika watu. Fundi lifti yuko mbele, macho kafumba, anaomba kwa maneno yake yaleyale, safari hii hatetemeki: "Mungu, njoo hapa. Kaa." Mlango unagonga kengele. Mzee mwashi amesimama kizingitini na sweta, bila suti.

"Nimefuata koti," anasema, kama kwamba kuna aliyemuuliza.

Hakuna anayejua afanye nini. Vikapu vimejaa. Mama Pasi ameshika shuka la meza kwa vidole viwili. Ni binti yake wa miaka mitano, aliyelelewa kwa Kiswahili kilekile cha bibi ambaye hakumwona, anayemwona babu na kukata shauri.

"Babu! Njoo hapa." Anapiga kile kiti cha plastiki kwa kiganja. "Kaa. Nyamaza, watu wanaomba."

Mzee aliyepandisha ukuta wa kanisa anavuka duka zima, anakaa, ananyamaza.

Dereva wa basi anamnong'oneza Mama Pasi kwamba kiti kile kina mwenyewe. "Muache," anajibu. "Mwenyewe hatagomba."

Kikao cha baraza kilifanyika Jumanne. Hakuna taarifa iliyotolewa, lakini wake wa wazee wote hufua kwa Mama Pasi, kwa hiyo hakuna siri. Inasemekana ilikuwa zamu ya mwashi kufungua kwa sala. Akasimama, akafumba macho, akasema, "Mungu, njoo hapa. Kaa. Usiondoke mpaka tumalize." Katibu akakohoa. Mzee akaomba hadi mwisho, akafika kwenye amina, kisha akamgeukia.

"Habari kwamba mke wangu anakufa niliipata kwa Kiswahili hicho," akasema. "Niliielewa. Sasa niambie Mungu anashindwa wapi."

Ukumbi wametoa. Ila wametoa kama wanavyotoa wao: Jumapili alasiri tu, na kwa sharti kwamba kundi hilo lifanye usafi wa vyoo vya jengo zima. Mtu angetegemea Mama Pasi atupe pasi chini. Anacheka, cheko kali.

"Vyoo vile tumevipiga deki tangu tuko shule," anasema. "Sasa ndiyo wanaandika sharti! Tutavisafisha. Lakini mwezi ujao wakileta majoho yao, na wao wawe na zamu ya kushika pasi, nitawaonyesha kola inaanzia wapi."

Mipango yake ni mingi. Anataka mdogo wake aombe siku ya kwanza, na swichi ya maikrofoni ameshaamua ataisimamia dereva wa basi, mtu wa kilo za kutosha. Anataka wazee waalikwe, hata katibu. Na kile kiti cha plastiki amemwomba mwenye duka amuuzie, akapewa bure.

Siri yake anaisema sasa, huku akikunja shuka la madhabahu. Alikiacha wazi tangu wiki ya kwanza kwa sababu mdogo wake alimwambia Mungu akae, na mgeni humwambii akae bila kumpa kiti. Lakini Jumamosi hii mzee alipokuja kuchukua suti, aliuliza kama kiti chake kitahamishwa nacho.

"Chake!" anasema Mama Pasi. "Haya, nimemwachia. Kule chini viti ni vingi. Huyo mwingine nitamchagulia kizuri zaidi."