Siku Niliyompeleka Baba Angani

Nianze na aibu yenyewe ili mkinicheka mcheke kwa mpangilio: nilishika maiki kwenye banda la video la Bro Masatu, hapa kwetu Kamunyonge, nikajifanya mtafsiri wa sinema wakati Kiingereza changu ni kile cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, halafu nikamtoa mama yangu mzazi kwenye spika, mtaa mzima ukamsikia.

Bro Masatu aliletewa kutoka Mwanza sidii mpya ya sinema ya wanaanga, kisa cha kweli, watu waliokwenda juu na chombo chao wakapata matatizo wakati wa kurudi, na kwa haraka zake akaandika ubaoni MPYA! KISA CHA KWELI! IMETAFSIRIWA! kabla hata hajaiangalia. Sasa watu wetu mnawajua. Sinema bila yule jamaa wa kuongea Kiswahili katikati ya milio na kuwapa wazungu majina ya kwetu, hawakaagi. Jumamosi mchana banda limejaa mpaka mlangoni, sidii inawekwa, wazungu wanaongea kizungu kitupu tena kile cha puani, mabati yakaanza kupigwa ngumi.

Bro Masatu akanitazama mimi niliyekaa mbele.

"We Magesa, si uko fomu three? Niokoe mdogo wangu, watanivunjia banda."

Ningeweza kusema sijui, nikaendelea kula karanga zangu, na leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi nikiona maiki naumwaga (darasani nimeshatolewa nje mara nyingi kwa kuigiza walimu). Nikaishika.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, tena sana. Chombo kikaruka, nikasema kimeshapita Bunda, konda anauliza nani anashuka Butiama. Banda likacheka. Rubani mkubwa alikuwa na mwanya na masharubu, kwa kweli anafanana na baba yangu, nikambatiza jina: Baba Magesa. Banda likacheka zaidi, maana baba wanamfahamu.

Hapa lazima niseme habari za baba, msinielewe vibaya. Baba alikwenda Kibara kuvua tangu kabla ya mvua za vuli, akasema anarudi mwisho wa mwezi, na mwezi uliisha, ukaja mwingine. Mama anakaangaga samaki barabarani, na wenzake wa kwaya wakimuuliza anajibu, "Yupo, anapigaga kila Jumapili baada ya ibada." Hapigi. Mimi ndiye nilikuwa najua, kwa sababu nilishamsikia mama jikoni, sufuria inachemka, amejiinamia kwenye simu anamrekodia ujumbe wa sauti, na kesho yake anarekodi mwingine, na hakuna hata mmoja uliojibiwa.

Basi kwenye sinema ikafika sehemu mke wa rubani anaongea na mume wake aliye huko juu. Sikuelewa hata neno. Watu wanasubiri, banda kimya, na kimya mimi sikiwezi. Nikabana koo, ikatoka sauti ya mama, ile ile, na ule msemo wake ambao Kamunyonge nzima inaujua:

"Baba Magesa, mimi siyo ukuta bwana, mimi nasikiaga! Huko uliko hakuna mtandao? Kama umepata mwingine sema tu, sitakuja kukufanyia fujo. Ila piga simu, watoto wakusikie sauti. Hata ukipiga ukae kimya, mimi nitawaambia ni baba yenu."

Jamani, watu walianguka kwenye mabenchi. Mmoja akapiga kelele, "Angani kumbe ndiyo Kibara!" Na mimi, badala ya kushtuka, nikainama kidogo kama msanii anayeshukuru mashabiki.

Nilichosahau ni spika ya nje, ile Bro Masatu aliyoifunga juu ya nguzo kuita wateja. Na ambacho sikukijua ni kwamba mazoezi ya kwaya kule Bweri yaliahirishwa, mwalimu wao anaumwa. Kwa hiyo mama na wenzake walikuwa wanarudi kwa miguu, na walikuwa wamefika chini ya ile nguzo.

Niligeuka nikawaona mlangoni. Mama yuko katikati, daftari la nyimbo kifuani. Mama Nyamisi, ambaye siku zote hujua kuuliza swali mahali pabaya, akasema kwa sauti, "Eh! Mama Magesa, si ulituambia anapigaga kila Jumapili?"

Kicheko kilikatika kama umeme. Mama alikuwa anaangalia sinema.

Nami nikageuka kuangalia, na hapo ndipo nikajua kwa nini iliandikwa kisa cha kweli. Kile chombo kilikuwa kinarudi nyumbani, kikawaka, kikapasuka vipande juu ya mawingu. Yule mke yuko chini na watoto wake, wamevaa vizuri, wamekuja kumpokea. Akaja mwanaume wa suti, akamshika bega, akamwambia kitu. Mke akajibu maneno machache tu.

"Tafsiri basi!" mtu wa nyuma akasema, ila kwa upole.

Sauti ya mama ilikuwa bado imenikaa kooni na sikuwa na nyingine ya kutumia. Nikasema, "Samahani. Sijui anasema nini." Spika ikalitoa hilo nalo, mtaa mzima. Halafu zikaja picha za wale watu wenyewe, wa kweli, wanacheka, wamekumbatia makofia yao, na hakuna aliyepiga bati.

Tulirudi nyumbani mama mbele mimi nyuma. Nilisubiri fimbo, nikatamani ije haraka tuyamalize, haikuja. Alikaanga sato, akaniwekea mimi sehemu ya kichwa, ile ambayo huwa anamwekea baba. Tangu siku hiyo maiki sijaigusa, hata ya kanisani, na mama akipika mimi hukaa nje, mbali na mlango wa jikoni.

Siku ile, kabla sijagusa kile kichwa, nikasema, "Mama, nisamehe."

Akanisogezea ugali, akasema, "Yule mwenzangu wa kwenye video, yeye angalau alikuja mtu akamwambia. Kula, samaki anapoa."