Rangi ya Buluu Juu ya Kutu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyopeleka mbuzi wa ntheo Katangi kwa pikapu inayong'aa, na jioni nikarudi nao Kalama wote watatu. Wewe mtoto wa siku hizi labda hujui ntheo ni nini. Ni mbuzi ambao Mkamba hupeleka kwa wazazi wa msichana, na wasipopokelewa hujaoa, hata mkiishi pamoja mpaka mzae saba. Kwa hiyo kurudi na mbuzi si jambo la kuchekesha, ingawa majirani zangu walicheka mwezi mzima.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Ilikaa nyuma ya ghala la mahindi miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti, na kutu ikaila kuanzia chini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa naambilika. Niliiinua juu ya mawe pale uani, nikahangaika na injini mpaka ikanguruma. Injini niliitengeneza sawasawa, hapo sitaki ubishi na mtu. Shida ilikuwa bodi. Pale chini ya miguu ya abiria, na kule nyuma pa kubebea mizigo, bati lilikuwa limebaki jembamba kama ganda la kitunguu. Fundi wa kuchomelea aliniambia tukate pabovu pote na kuweka bati jipya, kazi ya miezi kadhaa. Miezi! Na siku ya kwenda kwa kina Mwikali, msichana niliyetaka kumuoa, ilikuwa imeshapangwa, wazee wameshaambiwa.

Basi nikafanya ujanja. Niliziba matundu kwa vipande vya gunia, nikakandika juu yake fila, ule udongo wa mafundi wa kusawazishia bodi, nikapiga msasa mpaka pakawa laini, kisha nikamalizia na rangi ya buluu. Ndani nikatandika mkeka wa mpira. Watu walisimama njiani kuitazama. Mama alilia kwa furaha, akasema ni kama baba amerudi. Sikumwambia kitu.

Tulipoacha lami, barabara ya Katangi ilikuwa mashimo matupu. Kabla hatujafika nusu ya njia, mbuzi mmoja alipiga ukelele. Nikasimamisha gari. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umetoboa sakafu na kuning'inia chini, na tulipoutoa tukakuta umevunjika. Mjomba wangu Kioko, ndugu ya mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Wee Mutiso, hii ndio gari ulituambia umetengeneza?"

Na mbuzi wa ntheo hapelekwi akiwa kilema, hilo kwetu linajulikana. Lakini watu walikuwa wanatungoja na chakula kimeshapikwa, tukaendelea.

Baba yake Mwikali, Mzee Nzioka, alikuwa ametumia maisha yake yote kutengeneza matangi ya maji. Kutu alikuwa anaijua tabia zake zote. Aliangalia mguu wa mbuzi tuliokuwa tumeufunga kitambaa, akauliza kumetokea nini.

"Ni jiwe, mzee," nikasema mimi. "Amekanyaga vibaya akipanda."

Uongo mtupu, mbele ya wazee! Hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Mzee Nzioka alikwenda kwenye pikapu, akaigonga bodi kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, akisikiliza. Halafu akafungua mlango wa abiria, akainua mkeka, akakanyaga kwa kisigino. Kipande kizima cha fila kikaanguka, na sote tukauona mchanga wa uani kwake.

"Hapa ndio msichana wangu angekaa?"

Niliinama nikaokota kile kipande cha fila. Mzee akaurudisha mkeka juu ya shimo.

"Chakula mtakula, nyinyi ni wageni," akasema. "Lakini mbuzi zenu mtarudi nazo. Na wewe kijana, ukitaka kurudi hapa, kuja na hii gari bila rangi. Hata tone. Nataka nione kila mahali umechomelea."

Ilinichukua miezi minne. Nilikwangua ile buluu yote, na chini yake nikakuta ubovu mkubwa kuliko niliouficha, kwa sababu gunia lilikuwa limeshika unyevu. Tulikata, fundi akachomelea, tukagundua mahali pengine, tukakata tena. Wakati wote huo nilikuwa na hofu moja, kwamba mwanamume mwingine atafika Katangi kabla yangu. Nilimpenda Mwikali, nasema wazi.

Nilirudi na mbuzi wazima na pikapu ya bati tupu, imejaa makovu. Mzee Nzioka alivua koti lake la suti, akalala chali chini ya gari na kulikagua. Alipotoka alijipangusa vumbi, akamgeukia mjomba Kioko.

"Fungueni mbuzi."

Baada ya harusi nilimuuliza Mwikali kama angenikataa ile siku ya kwanza. Alicheka.

"Mimi ningepanda hiyo gari mbovu na wewe," akasema. "Ungeniambia tu ni wapi nisiweke miguu."

Hilo, mwanangu, liliniuma kuliko kurudishwa pamoja na mbuzi wangu. Nilikuwa nimemficha ukweli mtu ambaye angeukubali.

Sasa naona nyinyi vijana mnanunua hizi pikapu kuukuu, mnazifufua nyumbani na kuzipiga picha. Ni vizuri, endeleeni. Lakini anza chini, kwenye kutu, na rangi iwe ya mwisho. Kama hujamaliza, sema hujamaliza, hata wazee wawe wameshavaa makoti. Na yule unayetaka akae kando yako maisha yote, mwambie palipo na ubovu wako kabla hajapanda. Usimwamulie wewe. Miguu ni yake.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka na mdomo unaoweza kusema, "hapa pangu ni pabovu." Na akupe mtu ambaye, akishasikia hayo, atafungua mlango mwenyewe na kuketi.