Bangi ya Jirani, Malimbuko ya Mama

Mama yangu hajavuta sigara maishani mwake, na pombe aliiacha siku aliyopata kipaimara. Kwa hiyo nilipomkuta amepiga magoti ghorofani kwa jirani, khanga kaifunga kiunoni, anachokonoa udongo kwenye chungu cha bangi kwa kijiko changu cha supu, sikujua nianze kuuliza nini.

"Hii dawa ya kuku imekosa mbolea," akasema bila kugeuka. "Huyu baba anainywesha soda."

Kwetu Upare bangi ni dawa ya kuku. Kuku wakianza kusinzia, kila mtu anajua ni nyuma ya choo cha nani pana mche. Ni kosa la jinai kule kama ilivyo hapa Birmingham, ila kuku hawajaambiwa. Jirani yetu wa Castle Vale, Mwingereza mseja aliyestaafu kazi ya mitambo huko Tyseley, hakuwa na kuku. Alikuwa na mgongo. Kwa ajili ya mgongo huo alikuwa ameotesha miche michache chini ya taa kwenye chumba cha nyuma, na hiyo "soda" ilikuwa chupa zake za virutubisho, nyingine ya waridi, nyingine ya kijani. Mama alimwona akimwaga chungu cha mche uliokufa pale kwenye ua, akacheka kwa sauti. Yule mzee badala ya kuudhika akampungia mkono aje aone mingine. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini majani ya manjano hayahitaji mkalimani.

Nilimvuta Mama hadi jikoni kwetu nikamsomea sheria. Mimi ni muuguzi. Polisi wakigonga mlango ule, mimi nafutwa kazi na yeye anarudishwa kwao na viza yake ya matembezi. Alinisikiliza kwa utulivu huku akimenya ndizi, na kila ganda akaliweka kwenye ndoo. Nikaelewa kuwa ndoo ile ilikuwa na safari.

Ngoja niseme kwa nini sikupiga kelele zaidi. Baba alikuwa amefariki, nikamleta Mama apumzike. Haukupita muda akawa amepumzika vya kutosha kwa maisha yake yote. Nikitoka kwenda zamu namwacha kwenye kochi, pochi mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Nikirudi, yuko vilevile. Akaanza kuuliza habari za kubadilisha tarehe ya tiketi. Na mimi naishi peke yangu. Nikifungua mlango nikasikia mtu anakohoa jikoni, moyo wangu unatulia. Nilitaka akae mpaka siku ya mwisho ya viza yake, nilitaka kwa nguvu zangu zote. Lakini kumwambia? Kwetu mtu haambiwi mambo kama hayo. Baba alimpenda Mama maisha yake yote na sidhani kama aliwahi kumjulisha.

Baada ya kukutana na bangi, Mama aliirudisha pochi kabatini. "Nitaondoka tukishavuna," akasema. Hivyo ndivyo mimi, mwimbaji wa kwaya, nilivyoanza kuiombea bangi isikomae.

Chupa za jirani ziliwekwa pembeni wiki hiyohiyo. Mama akaanzisha mbolea ya kweli: maganda ya ndizi, maganda ya mayai yaliyosagwa, majivu, na yale majani yawashayo ya kando ya mfereji, vyote vimelowekwa kwenye pipa mpaka vikatoa povu. Kisha akataka samadi. Nikaendesha gari hadi kwenye zizi la farasi nje ya mji nikiwa nimevaa sare za kazi, maana sikuwa na muda wa kubadilisha, na gunia likapasuka kwenye buti la gari. Kesho yake wodini mwenzangu aliniuliza kwa upole sana kama nyumbani maji yapo.

Lakini mimea, jamani! Majani yaligeuka kijani cha kukaribia weusi. Jirani alikuwa anasimama mlangoni anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa wajukuu. Mama aliisemesha kwa Kipare, aliifokea pia, na kila asubuhi aliondoka nyumbani na mwendo wa mtu mwenye shamba. Akaanza kula vizuri. Akaanza hata kunisengenyea majirani ambao hajui majina yao.

Kisha mambo yakaiva. Vichwa vya maua vilinenepa vikawa vinanata, na jirani akaleta kioo chake cha kukuzia vitu ili atazame kama vimefikia. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Mwambie viko tayari," Mama akasema.

Nikamwambia jirani kwa Kiingereza kwamba mama yangu anaona tusubiri kidogo.

Jirani akasema, kwa heshima zote, yeye anadhani ni wakati wa kukata.

"Anasema bado," nikamwambia Mama.

Nilifanya hivyo Jumatatu, nikarudia Alhamisi, nikarudia tena wiki iliyofuata. Wote wawili walinitazama kwa namna fulani, kisha wakatazamana, lakini walikuwa watu wa adabu. Nikawa najisifu moyoni kwamba nimeweza.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika kwenye ukumbi wa kukodi kule Perry Barr, Watanzania, Wakenya na Wakongo pamoja, na wengi wetu huvuna supamaketi. Watu huandamana hadi madhabahuni na maboga na mikungu ya ndizi, na baada ya ibada vitu vinapigwa mnada, fedha inaingia kanisani. Nilikuwa nimesimama na kwaya nilipomwona Mama kwenye foleni, amebeba mzigo uliofungwa kwa khanga yake nzuri. Harufu ilitangulia kufika.

Nikajua. Mama hajawahi kuvuna chochote bila kumtolea Mungu malimbuko, na hakuona sababu ya kuanza sasa. Alikuwa amekata tawi la kwanza.

Kila aliyeijua harufu ile aliinamisha kichwa, maana kuitambua ni kujitangaza. Mwanafunzi mmoja wa Kikenya nyuma yangu alianza, "Aki, hiyo si ni…" Dada yake akamkanyaga. "We, nyamaza uimbe!"

Mchungaji akabariki vyote.

Dalali wetu alikuwa mzee wa kanisa, Mchaga, mtani wangu wa siku zote kwa huo unaoitwa ubahili wetu Wapare. Akaifungua khanga, akatazama, akakohoa, na sijui kama alijua au hakujua. "Mboga za kienyeji," akatangaza, "kutoka kwa mama yetu mgeni! Nani ananunua?"

"Sombe!" akaruka mama mmoja Mkongo, machozi yanamlenga. "Seigneur, ni sombe ya kweli! Mi naanza!"

Sombe ni kisamvu, na majani ya muhogo na ya bangi yana vidole vilevile. Nikaona sufuria yake, nikaona watoto wake wamejipanga na sahani, nikaona gari la wagonjwa, na mimi ndiye muuguzi wa zamu. Nikanyoosha mkono. Akapandisha. Nikapandisha. "Ee! Mpare anapandisha bei?" Mchaga akapaza sauti. "Jamani pigeni picha!" Watu wakacheka mpaka wakashikilia viti. Yule mama Mkongo hakukubali kirahisi, bei ikafika mahali pa mbuzi mzima. Mwisho akaketi, akanitazama kwa huzuni kubwa.

Nilidhani nimemaliza. Nikasahau kwamba kwetu ukinunua kitu mnadani, unatakiwa umzawadie mtu.

"Mpe mchungaji!" watu wakaanza kuimba na kupiga makofi. "Mpe mchungaji!" Na mchungaji, maskini, alikuwa tayari amesimama, mikono mbele, anatabasamu.

"Hapana," nikasema.

Hajawahi kutokea mtu wa kumnyima mchungaji. Makofi yakafa.

"Ni ya Mama yangu," nikasema. "Nimemnunulia Mama."

Vigelegele vikalipuka. "Jamani, anavyompenda mama yake!" akasema mtu. "Kumbe anampenda hivi!" Wakatuzunguka wakiimba, na Mama akasimama katikati na khanga yake kifuani, ananiangalia mimi tu. Uso uliniwaka moto. Ningependelea polisi.

Tuliondoka na madirisha ya gari wazi. Tulipofika karibu na Castle Vale nikaona kwamba watu wote wa ukumbi ule wamekwisha kumwambia Mama, nimebaki mimi.

"Mama," nikasema, "usiondoke."

Aliikunja ncha ya khanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Yule baba anaitikia kwa kichwa, wewe unaniambia anakataa," akasema. "Unadhani mimi sina macho? Mwanangu, umeniacha nilime bangi, umebeba samadi na nguo za kazi, umedanganya wazee wawili, leo umenunua bangi kanisani, wewe ambaye chumvi tu unaipima. Yote hayo ili usiseme neno moja?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona ni neno dogo," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tangu nimeshuka kwenye ndege nimekaa pale kwenye kochi nasubiri uniombe."