Ukurasa Ambao Haukuwapo

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya darasa zima likisoma kwa pamoja. Shule yetu ilikuwa katika mtaa wa Umoja, ukuta mmoja tu kutoka barabara ya vumbi iliyopita katikati ya ploti za nyumba za kupanga, na wakati wa somo la Kiswahili sauti zetu zilipanda hadi kwenye mabati zikarudi chini nzito na tamu kama wimbo wa kanisani. Ndani ya sauti ile nilikuwa salama. Nilifungua kinywa nilipoona wenzangu wamefungua, nikamalizia maneno waliyoyaanza, na hakuna aliyejua kwamba macho yangu hayakushika chochote. Herufi hazikutulia. Nikiitazama b ilinigeukia ikawa d, na neno refu lilikuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Hofu ilianza pale mwalimu alipoinua mkono, sauti ikakatika, na mtu mmoja akaitwa asome peke yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la nne pamoja na pacha wangu, Ndinda. Tulifanana sura, tukavaa sare zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja, lakini Ndinda alisoma hata karatasi iliyofungiwa sukari dukani. Mimi sikusoma, na kukaa pia sikuweza. Mguu wangu ulitikisa dawati mpaka wenzangu wakalalamika, na mkokoteni ukipita nje nilikuwa nimeshasimama kuuangalia kabla sijajua kwamba nimesimama. Nilikuwa nimechapwa, nimepigishwa magoti, nimekalishwa pembeni nikitazama ukuta. Watoto waliniita Zuzu. Mtaani mama yetu aliitwa Mama Ndinda, na sijui kama kulikuwa na mtu aliyewahi kumwita kwa jina langu. Muhula wa pili ulipokwisha, mwalimu mkuu alimwita mama akamwambia kwamba nisipojua kusoma kufikia Desemba, Ndinda ataingia darasa la tano na mimi nitabaki. Jioni ile Ndinda alilia kuliko mimi. Alisema hataki kwenda mahali ambapo mimi sipo.

Basi tukatafuta njia yetu. Walimu walikuwa wametutenganisha, yeye dawati la mbele, mimi la nyuma, na kila dawati lilikuwa na kitabu kimoja cha kugawana. Ndinda aliruhusiwa kuja nacho nyumbani. Tulipokwenda kuteka maji, alitembea akinisomea hadithi ya kesho, nami nikiwa na mtungi mtupu nikiupiga kwa vidole, nikaishika yote. Sikuona ajabu yoyote. Mambo niliyoyasikia yalikaa kichwani bila kusukumwa, na niliwasimulia majirani taarifa ya habari ya redio neno kwa neno hadi wakacheka.

Muhula wa tatu alikuja mwalimu mpya kutoka Bungoma, Mwalimu Nafula, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Siku moja aliniita nisome. Nikasimama, nikainua kitabu, nikasoma ukurasa mzima bila kukwama, nikipunguza sauti kwenye mkato na kupumzika kwenye nukta, kama Ndinda alivyofanya. Nilipomaliza nilijisikia mrefu. Mwalimu Nafula akaja hadi kwenye dawati langu, akakichukua kitabu, akakigeuza.

"Umesoma vizuri sana, Mutheu," alisema. "Lakini ukurasa wenyewe uko wapi?"

Haukuwapo. Mtu aliuchana zamani, labda akafungia njugu. Nilikuwa nimesoma karatasi ambayo kitabu cha dawati letu hakikuwa nayo. Darasa lililipuka kwa kicheko, nami nikatoa mkono mbele nikisubiri kiboko. Mwalimu Nafula aliutazama ule mkono, akaushika taratibu akaurudisha chini.

Watoto walipotoka kucheza alinibakiza. "Nani alikusomea?"

"Ndinda, Mwalimu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja tu. Tukienda maji."

Alikaa juu ya dawati, jambo ambalo sikuwahi kumwona mwalimu akilifanya. "Mara moja," alirudia. "Na wanakuita Zuzu?" Nilijibu ndiyo, halafu nikaanza kulia, kwa sababu alikuwa ameuliza kana kwamba jibu lingeweza kuwa jingine.

Jumamosi ile alikuja nyumbani. Mama aliweka chai. Baba, aliyekuwa mchongaji wa vinyago, aliketi mlangoni na vumbi la mbao bado kwenye nyusi.

"Mwalimu, huyu ni mkaidi tu," alisema. "Fimbo ndiyo dawa yake."

"Mzee, umemchapa tangu lini?"

"Tangu darasa la kwanza."

"Na amejua kusoma?"

Baba akaanza kufuta vumbi kwenye nyusi. Mwalimu Nafula hakumsukuma. Alimgeukia mama, akamwita Mama Mutheu, na nikaona mama akishtuka kidogo na kuweka kikombe chini. Mwalimu alieleza kwamba wako watoto wenye akili timamu ambao macho na herufi havielewani upesi, na wengine ambao mwili hauwapi nafasi ya kutulia, na kwamba mimi nilionekana kuwa na yote mawili. Aliomba nisome kidogo kidogo, niinuke nikalete kitu, kisha nirudi. Niandike herufi kwa kidole kwenye sinia la unga kabla ya kushika penseli. Na nikikosea nisubiriwe, nisipigiwe kelele. Wiki iliyofuata baba alirudi kutoka kazini na mfuko, akamwaga juu ya meza herufi alizozichonga kwenye vipande vya mbao vilivyobaki. Alinifumbisha macho, akanipa moja. "Tumbo liko upande gani?" aliuliza. Nikapapasa. Mbao ilikuwa laini, imepigwa msasa, na b ile haikuweza kunigeukia mkononi. Hakuwahi kuzungumzia fimbo tena, na mimi sikuuliza. Ila kila jioni aliketi karibu nami, miguu yetu ikigusana chini ya meza.

Shuleni, Mwalimu Nafula alinihamishia mbele, mbali na dirisha, akanipa kazi ya kufuta ubao na kugawa vitabu ili niwe na sababu halali ya kusimama. Alinikatia kadi yenye tundu refu, nione mstari mmoja mmoja. Haikuwa miujiza. Kuna siku nilitupa kadi chini, na kuna siku mama, amechoka na kazi ya ukarani, alinifokea kisha akaenda kusimama jikoni peke yake. Lakini asubuhi moja ya Novemba, nikitembea na mama, nilisimama mbele ya ukuta wa ploti nikavuta silabi moja baada ya nyingine, halafu nikapaza sauti: "Usikojoe hapa!" Wapita njia waligeuka. Mama alicheka akaegemea ukuta ule ule, akacheka mpaka machozi, kisha akaniambia nisome tena.

Mwalimu mkuu alikubali, baada ya kuombwa sana, kwamba nisomewe maswali ya mtihani kwa sauti. Sikuwa wa kwanza, wala wa kumi. Lakini Januari niliingia darasa la tano nikiwa nimeshikana mkono na Ndinda.

Leo ninafundisha ushonaji katika chuo cha ufundi. Bado nasoma polepole, na simu yangu hunisomea barua ndefu. Sasa hali yangu ina jina, na wako wataalamu wa kumpima mtoto, ingawa madarasa mengi yamejaa mno na neno zuzu halijafa. Mwanangu wa pili, Mumo, hatulii kitini kamwe. Muhula uliopita shule yake huko Njiru iliniita, nami nikaenda na moyo mzito, nikijua jinsi mama yangu alivyokuwa akiitwa kuelezwa ubovu wangu. Mwalimu wake, kijana mdogo, alinipa kiti, akaniuliza, "Mama Mumo, nyumbani mnafanya nini kinachomsaidia?" Nikasogeza kiti karibu na meza yake, nikaanza kumweleza.