Samaki Niliyempikia Baba Nashipae

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Shiro, maana Mama Shiro akisimulia hii maneno anaongeza chumvi mpaka mtu anadhani nilikufa nikafufuka. Yule jamaa wa Kitengela aliyekokotwa nje ya nyumba yake na baba ya mchumba wake, mdomo wazi, mate yanashuka kwa shati, ploti nzima imesimama inaangalia, huyo jamaa ni mimi, Owino, fundi wa kuchomelea mageti, na hapana, sikuwa nimelewa, hata soda sikuwa nimekunywa.

Yote ilianza siku Nashipae aliniambia ninunue nyama ya mbuzi na mimi nikakataa.

Nashipae ndiye mchumba wangu. Anauza dawa za mifugo kwa agroveti hapa Kitengela lakini kwao ni Kajiado, huko ndani ndani, na ilichukua muda mrefu sana baba yake kukubali hata kusikia jina langu, kwa sababu mzee alikuwa na swali moja tu: huyo mtu ako na ng'ombe wangapi? Na mimi niko na mashine ya kuchomelea na jogoo mmoja. (Jogoo mwenyewe ni wa landilodi, mimi humlisha tu.) Basi siku moja mzee akatuma neno kwamba Jumapili atakuwa Kitengela, atapita aone pahali huyo kijana anaishi, na Nashipae akanieleza polepole vile mtu anaeleza mtoto: "Owi, sikiliza. Papa akiondoka hapa akiwa amefurahi, wazee wenu watakaribishwa nyumbani waongee mambo yetu. Akiondoka na kinyongo, hiyo maneno imekufa, na mimi sitaweza kumwambia tena. Nunua mbuzi. Chemsha, weka chumvi. Imeisha hivyo."

Mtu wa akili angenunua mbuzi. Lakini mimi nikajiambia, huyu mzee amekula mbuzi tangu alipoota meno, mbuzi wa kwake mwenyewe, aliyekula majani ya nyika, sasa hii yangu ya buchari itamshangaza na nini? Mimi nilitaka arudi Kajiado akisema yule kijana alinilisha kitu sijawahi kuonja maisha yangu yote. (Na kweli alisema hivyo, tutafika huko.) Kwetu ni kando ya ziwa, na mgeni wa heshima kwetu anawekewa samaki mzima na kichwa chake. Nikamwambia Nashipae nitapika samaki.

"Papa hajawahi kula samaki," akasema. "Anasema ni nyoka wa maji."

"Ni kwa sababu hajaonja yangu."

Akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Jumapili asubuhi nikafika sokoni mapema, nikachagua tilapia watatu wanene, macho yanang'aa, na mama wa samaki akaniuliza, kijana, nikutolee magamba? Nikasema la, mimi ni mtu wa ziwa, najua kazi yangu. Sasa hiyo kazi kwetu inafanyiwa nje, kando ya maji, upepo ukipeperusha. Kwangu ni chumba kimoja na jikoni ya kusimama mtu mmoja, na siku hiyo mferejini hakukuwa na maji, nilikuwa na mtungi mmoja pekee, kwa hivyo niliparua magamba ndani ya karai nikiwa nimechutama sakafuni na yakaruka vile cheche zinaruka nikichomelea, kwa pazia, kwa kitanda, kwa picha ya marehemu nyanya yangu, na nikayaokota yote nikidhani nimemaliza.

Lakini kupika, ndugu zangu, hapo siwezi kudanganya, nilipika. Nilichanja mbavu zao, nikapaka chumvi na ndimu, nikawaacha wanywe hiyo ndimu kidogo, kisha nikawakaanga mpaka ngozi ikakauka ikawa inalia ukiigusa na mwiko, halafu kitunguu, nyanya nyingi, dhania, nikarudisha samaki ndani ya mchuzi, nikafunika, moto wa chini kabisa. Na ugali mgumu, ule unaweza kusimama peke yake. Harufu ilitoka ikatembea ploti yote. Mama Shiro akaja kuomba kiberiti na ako na jiko la gesi linalojiwasha.

Mzee akafika saa ya chakula, mrefu kama mlingoti wa shule, shuka juu ya koti, rungu mkononi, na kibuyu cha maziwa alichomletea binti yake. Nashipae, aliyekuwa amefika kwangu mapema, akainamisha kichwa, mzee akamgusa. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi ya salamu ya Kimaa wiki nzima, nikasema, "Sopa, olpayian!"

"Ipa," akajibu, kisha akanyoosha mkono akabandua kitu kwa paji la uso wangu, akakishika kwa mwanga, akakigeuza. Lilikuwa gamba.

"Hii ni nini?"

"Ni... ni ya kazi, mzee."

Akalipuliza likaenda. Akakaa. Akaangalia chumba kuanzia dari mpaka viatu vyangu, hakusema neno, na mimi mtu akinyamaza karibu yangu naona kama kuna moto lazima niuzime, kwa hivyo nikaanza kuongea. Niliongea juu ya mageti, juu ya bei ya vyuma, juu ya mvua ya Kitengela (haikuwa imenyesha), huku Nashipae ananikanyaga mguu chini ya meza, na nikiongea hivyo hivyo nikaandaa chakula, nikamwekea mzee samaki mkubwa kuliko wote.

Mzee akamtazama samaki. Samaki naye akamtazama mzee.

"Mbona inaniangalia?"

"Ni heshima, mzee, kichwa ni ya mgeni."

Akasukuma sahani pole pole kwa kidole mpaka jicho likaangalia upande wangu. Nikaona mambo yanaharibika, na badala ya kutulia nikajifanya mwalimu. Nikamwambia, mzee tazama, unaanza hapa juu ya mgongo, nyama inatoka yenyewe, unachovya kwa mchuzi, unashika na ugali, unaweka. Nikaweka. Nikatafuna nikimfungulia macho aone utamu.

"Na mifupa?" akauliza.

Hapo ndipo mdomo wangu uliniuza. Nikiwa nimejaza shavu zote mbili nikasema, "Mifupa? Mzee, sisi watu wa ziwa hatujui kukwama! Mtoto wetu akizaliwa, ulimi wake tayari unajua kuchagua..."

Neno la mwisho halikutoka.

Mnajua ile hali mtu anakwama na hataki ijulikane amekwama? Nilitabasamu. Nikameza mate, mfupa ukachoma. Nikakata bonge la ugali nikalimeza zima bila kutafuna, likapita, mfupa ukabaki, nikameza lingine, na lingine, machozi yakaanza kushuka na mimi bado natabasamu.

Mzee akamuuliza binti yake, "Huyu analia?"

"Owi, ni nini?"

"Pilipili," nikasema, kwa sauti ya mtu amekaliwa kifuani.

"Hakuna pilipili hapa."

Nikatafuta maji, mtungi ulikuwa mtupu, yote niliyamaliza kuosha samaki. Nikaona kibuyu. Sikuomba, sikufikiria, nilinyakua maziwa ambayo mzee alibeba kutoka Kajiado kwa mkono wake mwenyewe, nikainua, nikanywa kama ndama aliyekosa mama, na katikati kikohozi kikanishika, na maziwa yakarudi kwa njia ya pua, yakatua juu ya shuka ya mzee.

Hata jogoo wa landilodi alinyamaza.

Mzee akasimama. Nilidhani anaenda, nikaona harusi yangu inaenda naye. Kumbe alinishika taya, vile tu, akaninyanyua kutoka kwa kiti akanitoa nje kwa mwangaza wa jua. Ni Jumapili, watu wote wako, wengine wanafua na maji ya juzi, watoto wanacheza, na wote wakaacha. Mzee akakunja kichwa changu chini ya kwapa lake, akaweka goti mgongoni, akasema kwa utulivu kabisa, "Nimetoa vitu kwa koo ya ndama tangu sijaoa. Fungua."

"Papa, huyo si ndama!" Nashipae akalia.

"Koo ni koo. Fungua, kijana."

Nikafungua. Vidole viwili vikaingia, virefu, vina ladha ya tumbaku, vikapita ulimi, vikapita mahali hata mimi mwenyewe sijawahi kufika. Sasa mimi nawauliza nyinyi, koo ya mtu ikiguswa huko nyuma, si meno yanafunga yenyewe? Haikuwa nia yangu. Yalifunga, na yalifunga kwa nguvu.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu neno moja la Kimaa, ambalo Nashipae mpaka leo amekataa kunitafsiria. Kelele ilitoka kwa Mama Shiro: "Ngai! Amekula mzee!"

Tulienda kliniki kwa miguu, ile ya karibu na barabara, mzee mbele amefunga kidole na kitambaa changu cha vyombo, Nashipae katikati haongei na yeyote, na mimi nyuma mdomo wazi, maana nikiufunga mfupa unachoma. Watu tuliokutana nao walinisalimia na sikuweza kujibu. Nilikuwa nawaza vile nitampigia baba yangu simu. Ningeanzia wapi? Baba, usitafute wazee wa kuandamana nawe, nimeuma mkwe.

Kwa benchi tulipata wagonjwa wengi wakingoja. Nesi akaona damu, akaanza na mzee.

"Pole, mzee. Umeumwa na nini, mbwa? Kama ni mbwa, lazima nijue ni wa nani na kama amechanjwa."

Mzee akageuka akaniangalia, muda mrefu, kutoka kwa nywele mpaka viatu, vile aliangalia chumba changu, na benchi lote likanigeukia pamoja naye. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Si mbwa," akasema. "Ni mkwe."

"Ni nani?"

"Mkwe wangu. Huyu."

Nesi akanitazama, akamtazama mzee. "Na amechanjwa?"

"Mimi sijui. Uliza binti yangu, ndiye alimchagua."

Nashipae akafunika uso na mikono yote miwili, mabega yakaanza kutetemeka, nikajua sasa analia, nimemaliza msichana wa watu, nikamgusa, na akainua kichwa, na alikuwa anacheka mpaka hana pumzi. Mzee mwenyewe akaangalia pembeni lakini niliona shavu lake likicheza. Kisha benchi yote ikaangua kicheko, hata mama mmoja aliyeshika jino. Na mimi nilitaka kucheka na sikuweza, nililia tu, machozi ya ukweli, kwa sababu nilikuwa nimesikia lile neno vizuri na mzee alikuwa amelisema mara mbili.

Mfupa wenyewe nesi aliutoa na kile kikoleo chake kirefu kabla sijamaliza kuogopa. Akauweka kwa pamba akatuonyesha. Mwembamba kama unywele wa kope.

"Ni hiyo tu?" mzee akauliza.

"Ni hiyo tu," nesi akasema.

Mzee akatikisa kichwa, akaomba rungu yake.

Tulirudi kwangu jua limeanza kupoa, na chakula kilikuwa palepale, kimefunikwa, Mama Shiro akikilinda dhidi ya paka (samaki wangu alikuwa ameliwa, na nadhani si paka). Mimi nilipewa uji wa kwake. Mzee alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu alfajiri, na nyumba haikuwa na kingine, kwa hivyo akavuta sahani, akaangalia samaki mara ya mwisho, akaanza. Alikula na mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na bandeji, akaomba msamaha kwa hilo. Alikula pole pole, hakuinua macho, akatoa mfupa mmoja mmoja akaupanga kando ya sahani kama mtu anayejenga boma, na mimi mara hii sikuthubutu kumfundisha. Alipofika kwa kichwa akasimama kidogo, akafikiria, akakila pia.

Akapangusa mdomo.

"Sijawahi kuonja kitu kama hii," akasema. "Ni tamu. Lakini hii chakula, kijana, haitaki mtu wa kuongea."

Wazee wetu walikaribishwa Kajiado, wakaenda, wakarudi salama, na mambo mengine yote yakafuata. Mimi samaki sijaacha, nitaachaje na ni damu yangu? Lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: samaki akiwa mezani mimi ni bubu. Niulize habari ya geti lako, niulize njia, niambie nyumba inaungua, utangoja nimalize mpaka mkia. Na yule wa kwenu anayejisifu mbele ya wakwe huku amejaza mdomo, mwambieni kliniki ya hapa Kitengela inafunguliwa hata Jumapili.