Siku Niliyomwita Mama Neema Mwizi

Mimi nina aibu, na niiseme mapema kabla hamjaisikia kwa mdomo wa mtu mwingine, maana hapa mtaani Ngezi habari yangu imezunguka kila uzio na kila mmoja ameiongezea chumvi yake. Lakini jueni pia kwamba nina hasira, na hasira yenyewe ni juu ya mume wangu, Muzee Barnabé, mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, mtu wa kanisa, mtu wa kuheshimika (hivyo ndivyo mnavyomjua ninyi, mimi ndiye ninayeishi naye).

Tulikuwa tunakaribia kustaafu sote wawili mwaka mmoja, yeye shuleni na mimi kwenye ukunga, nami nilikuwa nimeshasema mara mia: nikistaafu nakaa nyumbani kwangu Bunia, sitaki tena kusikia neno kukimbia. Tumekimbia vita mara mbili, mara ya kwanza kwa miguu njia ya Komanda, mara ya pili tukashuka Kasenyi tukavuka ziwa, na kila tuliporudi tulikuta kuta tupu. Sasa kuna utulivu, wa kusikilizia-sikilizia lakini utulivu, na miguu yangu imechoka. Nikalipiga marufuku hilo neno mezani kwangu.

Basi vitu vikaanza kupotea. Kwanza kichwa cha cherehani yangu. Wiki iliyofuata, vitenge sita vizuri. Halafu picha yetu ya ndoa, na fremu yake! Nikamwambia Muzee, naye akashtuka kuliko mimi, akavaa miwani, akachukua daftari jipya la shule, akaandika juu yake UPELELEZI, akapigia mstari kwa rula.

“Mara ya mwisho uliiona wapi, mama? Sema polepole, niko naandika.”

Kila jioni kabla ya chakula tulikaa naye tukipeleleza. Alipima dirisha kwa kamba. Alichora ramani ya nyumba yetu, ambayo ina vyumba vitatu. Alinusa kufuli (naapa, alilinusa!), akatikisa kichwa akasema, “Huyu mwizi iko mutu anajua hii nyumba.” Na mimi mjinga nikamwona mume wangu ana akili, nikamwongezea nyama kwenye sahani.

Jumamosi ya sherehe ya kumuaga shuleni, mimi nilikuwa niende kwanza kwenye mazoezi ya kwaya, ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo ulionimaliza. Nilichukua sufuria yangu kubwa, ile ya sherehe, nikaiacha jikoni waziwazi, nikaipaka mawese kwenye vishikio vyote viwili. Mawese mnayajua, yakishika nguo hayatoki hata ufue na kuomba. Sikumwambia mtu, hata mpelelezi mwenyewe, kwa sababu anapenda kuongea.

Saa nane narudi, sufuria hakuna. Matone mekundu yametoka jikoni, yamepita uani, yamefika kwenye ule mwanya wa uzio tunaopitia kuombana moto na chumvi na jirani yangu Mama Neema. Mama Neema ni mjane, alikimbia Djugu na watoto wanne, na mtoto wake wa mwisho nilimpokea kwa mikono yangu hii. Ni wa kabila la upande mwingine, siyo wa kwetu, mnanielewa, na mambo hayo tulikuwa tumeamua sisi wawili kutoyataja kamwe.

Siku ile niliyataja, tena kwa sauti. Nilimwita chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, nikawaita na wale niliokutana nao njiani, na wale nisiowaita wakaja wenyewe, tukaingia kwake watu kama ishirini, na kule nyuma ya kitanda tukakuta vyote: cherehani, picha, sufuria, vimepangwa vizuri na kufunikwa kwa kitenge changu mwenyewe.

“Weye Mama Neema!” nikapiga kelele. “Nilikuzalisha mutoto, na weye unaniiba? Ndiyo mambo yenu, nyie watu!”

Hayo ya mwisho ndiyo yanayoniamsha usiku. Mama Neema akanyoosha mikono mbele ya chef, akaigeuza huku na huku, mikavu, misafi.

“Vitu iko vyake,” akasema. “Lakini mimi sikuiba. Nimekatazwa kusema, kwa hiyo sisemi.”

Hapo hapo tukasikia nyimbo barabarani. Walimu wote walikuwa wanamsindikiza Muzee nyumbani na zawadi yake, kiti kizuri cha kupumzikia, na Muzee mbele ndani ya suti yake ya kijivu, ana vidole vitano vyekundu kwenye suruali. Nikatazama wengine. Mwalimu mkuu mpya alikuwa na kiganja kizima mgongoni mwa shati jeupe, pale alipokumbatiwa. Mwalimu wa darasa la sita ana doa kwenye mkono wa shati. Kila aliyepeana mkono na mume wangu siku ile alikuwa na mawese yangu, na kwa hesabu ya mtego wangu nilikuwa nimekamata wezi saba.

Chef akauliza. Muzee akatazama viatu vyake.

“Ni mimi. Nilimuomba Mama Neema anichungie hivi vitu, anyamaze, maana weye ulikataza hata neno kukimbia. Vita ikilipuka tena, wakikuja watu wa kwao, kwake hawatagusa. Wakikuja wa kwetu, yeye ataleta vyake kwetu. Siye wazee, tutabeba nini tena ku kichwa?”

“Na mbona vyangu tu?” nikauliza, maana hilo nalo liliniuma. “Mbona hata soksi yako haiko hapa?”

“Ile siku ya kwanza tulikimbia, ulilia juu ya ile mashini ya kushona mupaka Komanda. Mimi soksi sikuililia.”

Watu walicheka, mimi sikucheka, na Mama Neema hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango.

Wiki tatu hakupita kwenye mwanya ule. Nilipeleka unga, ukarudi. Muzee, ambaye sasa yuko nyumbani kutwa kucha kwenye kiti chake, ananiambia nivumilie, na mimi namwambia anyamaze, kwa sababu mtu aliyenusa kufuli la nyumba yake mwenyewe hana ushauri wa kunipa. Nimeapa sitaita tena mtu mwizi, na lile neno “nyie watu” nimelitoa kinywani mwangu kabisa.

Juzi asubuhi Mama Neema alikuja, hakukaa. Alikuwa na sanduku dogo la bati.

“Iko na picha ya bwana yangu na makaratasi ya batoto,” akasema. “Ndiyo tu nilitoka nayo Djugu. Unichungie.”

Nikataka kumwomba msamaha, maneno niliyoyaandaa wiki tatu yakanikimbia yote.

“Umenisamehe?” nikauliza.

“Bado,” akasema, akaniwekea sanduku mikononi.